Mto Ukifurika: Namna ya Kufunga Vyombo Visivunjike Njiani

Sisi tukaao kando ya Mto Tana, tangu Garsen, kupitia Ngao, hadi mdomo wa mto huko Kipini, twaishi kwa maji ya mto huu. Yakipanda kwa kiasi na kushuka, huacha tope jema katika mashamba ya mpunga na chini ya migomba. Yakipanda kupita kiasi huingia mlangoni, na hapo mwenye nyumba hana budi kuchukua watoto wake na vyombo vyake aende mahali palipoinuka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka ambao wazee hawajausahau. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Ikawa tena mwaka 2018, tena Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024.

Habari za kuokoa mbegu na mifugo zimeandikwa mara nyingi. Habari za vyombo vya nyumbani haziandikwi sana, labda kwa sababu waandishi wengi ni wanaume na vyombo huhesabiwa kuwa ni kazi ya mama. Hili ni kosa. Fikiri, msomaji, jioni ya kwanza kambini. Unga uko, kuni ziko, lakini mtungi wa maji umevunjika, chemni ya taa imevunjika, na chupa ya dawa ya mtoto imemwagika ndani ya gunia la nguo. Au fikiri siku ya kurudi nyumbani, mwenye shamba anapolazimika kuuza mpunga wa mbegu ili anunue vikombe, taa na birika. Hasara iliyoanza jikoni sasa imefika shambani. Kwa hiyo twaliweka jambo hili mbele ya wakulima, waume kwa wake, nasi twataka mwanamume naye alisome mpaka mwisho.

SIKU ZA KUFUNGA ZIPO

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kadiri ya kilomita 1,000. Maji yake hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita katika mabwawa ya umeme yaitwayo Seven Forks, ndipo yakateremka Garissa, Hola na Garsen. Bwawa kubwa kuliko yote ni Masinga, lililomalizika mwaka 1981. Bwawa hilo likijaa na kumwagika, kampuni ya KenGen na Serikali hutoa onyo, nalo hutufikia kwa redio, kwa simu na kwa baraza la chifu. Tena nchi yetu huku chini ni tambarare. Maji hayaji kwa mbio bali hutambaa na kuenea. Toka onyo litolewe huko juu mpaka mto upande hapa kwetu, mara nyingi hupita siku kadhaa.

Siku hizo ndizo za kufunga vyombo. Lakini watu wengi hungoja mpaka waone maji yamefika shina la mwembe ulio karibu na nyumba. Hapo, usiku, kwa mwanga wa simu, kila kitu hutiwa katika gunia moja: chungu juu ya sahani, kinu juu ya chungu, na jembe juu ya vyote. Ukweli ni kwamba maji hayavunji vyombo vingi. Vyombo huvunjwa na haraka ya mwenyewe kabla maji hayajafika.

Basi onyo la kwanza likisikika, usingoje kuhakikisha kama ni kweli. Siku hiyohiyo anza na vitu usivyovitumia kila siku: vikombe vya wageni, kioo cha ukutani, picha, mitungi mikubwa, chupa na vibuyu. Hata kama mto utakataa kupanda, hukupoteza kitu. Vikombe vya wageni vyaweza kukaa ndani ya debe wiki moja bila ya kulalamika. Siku ya pili funga sahani na taa za akiba. Sufuria moja, kandili moja na vikombe vichache vibaki nje mpaka saa ya mwisho, navyo viwe na kikapu chao tayari karibu na mlango.

KWA NINI CHOMBO HUVUNJIKA

Fanya jaribio hili mbele ya watoto, maana watoto ndio watakaokusaidia kufunga. Twaa mayai mawili mabovu. Weka moja ndani ya mkebe mtupu, ufunike, uutikise. Yai litavunjika mara moja. Weka la pili katika mkebe ulio na makapi ya mpunga chini, pembeni na juu, ushindilie kidogo, ufunike, uutikise vilevile. Litabaki zima. Mkebe ni uleule na mkono ni uleule. Lililobadilika ni kwamba yai la pili halikuwa na nafasi ya kwenda.

Huo ndio msingi wa kazi yote hii. Chombo huvunjika kwa sababu kimepata nafasi ya kusogea, kikagonga chombo kingine au ubavu wa sanduku. Kwa hiyo kila chombo kiwe na kitu laini baina yake na jirani yake, wala pasiwe na uwazi mahali popote ndani ya sanduku. Ukimaliza, funga sanduku, liinue kidogo, ulitikise na kusikiliza. Ukisikia sauti yo yote, fungua uongeze makapi. Sanduku lililofungwa vizuri ni bubu.

Vitu laini tunavyo, wala havinunuliwi. Makapi ya mpunga, yale yabakiayo baada ya kutwanga na kupepeta, ni mazuri mno kwa vitu vidogo kwa sababu huingia kila pembe. Majani makavu ya mgomba yafaa kufungia chombo kimoja kimoja. Nyuzi za makumbi ya nazi zafaa kuwekwa chini ya debe. Kisha kuna nguo, leso, mashuka na vyandarua, ambavyo kwa vyo vyote utavichukua. Kwa nini visafiri katika gunia lao peke yake? Funga bilauri ndani ya soksi, sahani baina ya leso, na birika katikati ya blanketi. Hata gazeti hili, ukiisha kulisoma, lifungie vikombe. Hatutakasirika.

Lakini angalia kila kitu kiwe kikavu. Majani mabichi hunyauka njiani na kuacha uwazi, tena huoza yakileta harufu na wadudu. Makapi yaliyolowa hugandamana, yakaacha kuwa laini. Wiki ambayo mawingu yameanza kutanda, mwenye busara huanika gunia moja la majani ya mgomba na kuliweka darini.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya watu wenye vyombo vingi. Basi atazame jambo moja la kale lililo karibu nasi. Mashariki ya Kipini yako magofu ya mji wa Ungwana, ambayo James Kirkman aliyachimba katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1966. Katika magofu hayo vimeonekana vipande vya vyombo vya kaure vya Uchina. Vyombo hivyo vilipita bahari nyingi, vikapakiwa na kupakuliwa katika bandari mbalimbali, mpaka vikafika karibu na mdomo wa mto wetu. Walivifungaje? Mwaka 1998 ilionekana baharini huko Indonesia, karibu na kisiwa cha Belitung, jahazi iliyozama zaidi ya miaka 1,000 iliyopita ikiwa na vyombo kadiri ya 60,000, vingi vikiwa bakuli. Mabakuli mengi yalikuwa yamepangwa ndani ya mitungi mikubwa, yamesimama kwa ubavu, moja likifuata jingine kwa kuzunguka, yamebanana yasipate nafasi ya kusogea. Mengi yalitolewa mazima. Hao mabaharia hawakuwa na sponji wala plastiki. Walijua tu kwamba bakuli husafiri vema likisimama, tena likiwa limebanwa.

SAHANI, VIKOMBE NA TAA

Nasi tufuate mfano huohuo. Sahani isilazwe, isimamishwe kwa ubavu kama vitabu rafuni. Sahani zikilazwa, ya chini kabisa hubeba uzito wa zote, na pigo moja kutoka chini huvunja tatu kwa pamoja. Zikisimama, kila moja hujibeba yenyewe. Weka chini ya debe unene wa vidole vinne wa makumbi au makapi, simamisha sahani baina ya majani au nguo, kisha jaza juu mpaka kifuniko kifunge kwa kusukuma kidogo.

Vikombe na bilauri viwekwe kifudifudi, mdomo chini, baada ya kujazwa kitambaa ndani. Usitie kikombe ndani ya kikombe, hata kama mama mkwe amefanya hivyo miaka yote. Vikitikisika hushikana, na kuvitenganisha ni kuvivunja. Mkono wa kikombe ndio udhaifu wake. Uzungushie jani au kitambaa cha peke yake. Birika liondolewe kifuniko, kifuniko kifungwe mbali.

Kandili imwagwe mafuta kwanza. Mafuta ya taa yakimwagika juu ya nguo ni hasara, juu ya unga ni hatari, na karibu na moto ni msiba. Chemni iondolewe kwenye taa, ijazwe kitambaa laini, izungushiwe nguo, iwekwe ndani ya mkebe wa maziwa au kipande cha mwanzi mnene. Chemni yangu iliwahi kusafiri ndani ya mguu wa buti la mpira, ikafika salama.

Siku hizi nyumba nyingi zina taa za nguvu za jua. Ile paneli yake ina kioo, nayo hupasuka kwa kukaliwa au kuwekewa gunia. Isafiri ikiwa imesimama, imefungwa ndani ya godoro au baina ya mikeka miwili. Ukiwa nazo mbili, zitazamane uso kwa uso na blanketi katikati. Nyaya zake zizungushwe bila ya kukunjwa kwa nguvu. Betri ya maji makali isilazwe kamwe, wala isiwekwe katika sanduku moja na nguo au chakula. Maji yake huchoma ngozi na kutoboa kitambaa. Televisheni nayo isimame, kioo chake kielekee upande wa godoro, wala isilazwe kifudifudi. Simu iwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vema pamoja na vitambulisho na hati za shamba, na mfuko huo ukae mwilini mwa mtu mzima.

Kioo cha kujitazamia kibandikwe selotepu kwa mfano wa msalaba, pembe kwa pembe. Selotepu haizuii kioo kuvunjika, lakini kikivunjika vipande havitawanyiki katika godoro ambalo mtoto atalilalia usiku huo. Sababu hiyo yatosha.

VYUNGU, MITUNGI NA VIBUYU

Chungu cha udongo ni chombo chenye tabia zake. Hakichomwi kwa moto mkali kama kaure, kwa hiyo hunyonya maji, na ndiyo sababu mtungi hupoza maji vizuri. Lakini mtungi uliokaa na maji miezi mingi umelowa mpaka ndani ya udongo wake. Ni mzito zaidi na dhaifu zaidi kuliko mkavu. Umwage maji siku ya kwanza ya onyo, uuweke kivulini penye upepo, kisha uuote jua mpaka ukauke. Watu wa nyumbani waweza kunywa maji ya jerikeni kwa siku mbili.

Kabla ya kufunga, gonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima hulia kama kengele ndogo. Kilicho na ufa hulia kama kipande cha ubao. Chenye ufa usikipe nafasi mtumbwini. Kiache.

Sehemu dhaifu za chungu ni mdomo na tako. Mdomo uzungushiwe kamba ya nyasi au nguo kuukuu iliyosokotwa. Tako likalie kata. Twasema kata ile ya kichwani wanayotumia akina mama kubebea mtungi, si kata ya kuchotea maji. Mama zetu walijua zamani kwamba kitu cha mviringo hakitulii juu ya kitu bapa. Basi lile duara la majani au nguo lililotulia kichwani litatulia vilevile ndani ya kikapu au katika sakafu ya mtumbwi. Sokota kata moja kwa kila chungu. Ndani ya chungu jaza vitu laini na vyepesi, kama nguo za watoto au vifuko vya mbegu za mboga. Usijaze misumari, vijiko wala vyuma.

Kibuyu hakivunjwi na pigo sana kama kinavyovunjwa na kubanwa. Kikiwa kikavu hupasuka kama ganda la yai chini ya gunia. Mahali pake ni kuning'inizwa, au kushikwa mkononi na mtoto mkubwa ambaye hapewi mzigo mwingine. Kama kina mbegu ndani, kiwe kimejaa na kufungwa gunzi au kizibo imara, kisha kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Katika jambo hili Waorma, majirani zetu wafugaji, wametutangulia. Watu ambao kuhama ni desturi yao hawakuweka maziwa yao katika udongo. Walitumia vyombo vya kusukwa na vya mbao, ambavyo vikianguka huinuliwa na safari ikaendelea. Nyumba iliyo bondeni yafaa iwe na vyombo vichache vya namna hiyo, na sufuria na sahani za bati kwa kila siku. Vya kaure na vya udongo vitumike, lakini visiwe ndivyo tegemeo pekee.

NDANI YA NINI?

Katoni za dukani huonekana nzuri, na juu ya nchi kavu ni nzuri. Majini ni adui. Katoni ikilowa chini hulegea kama uji, na mara unapoiinua vyombo vyote hubaki mtumbwini nawe umeshika karatasi. Tumia debe, ndoo yenye kifuniko, kreti ya plastiki, sanduku la bati, kikapu cha ukindu au pakacha lililosukwa kwa karibu. Ukiwa huna ila katoni, itie ndani ya gunia la plastiki na kuiweka juu ya vijiti.

Chombo kizito kikae chini na chepesi juu, hilo kila mtu ajua. Lisilojulikana sana ni kwamba sanduku lisizidi uzito ambao mwanamke mmoja aweza kuliinua na kulitua polepole. Sanduku zito sana halituliwi, huangushwa. Na ukingo wa mto wenye tope si mahali pa kujaribu nguvu. Vitabu na vyuma vitiwe katika masanduku madogo, nguo na vitu vyepesi katika makubwa.

Kisha weka alama. Kwa kuwa watakaobeba si wewe peke yako, na wengine huenda hawasomi au hawasomi lugha yako, chora. Mshale wenye kichwa juu waonyesha upande wa juu. Bilauri yenye mguu mmoja ndiyo alama inayotumika duniani kote, bandarini na katika viwanja vya ndege, kuonyesha kwamba ndani mna vitu vivunjikavyo. Mwavuli maana yake ni kwamba kisilowe. Chora kwa mkaa au kalamu nene katika pande mbili, siyo kifunikoni tu, maana kifuniko hufunikwa na mzigo mwingine. Tena kila sanduku liwe na namba, na katika daftari la shule la mtoto andika namba hiyo na vilivyomo. Masanduku saba yakiondoka Ngao na sita yakafika, utajua mara moja lililokosekana ni lipi na ndani lilikuwa na nini.

MTUMBWINI NA NJIANI

Sasa twafika mahali ambapo hatusemi juu ya vyombo tu. Tarehe 28 Aprili 2024, huko juu karibu na Madogo, mashua iliyobeba watu ilizama katika maji ya mafuriko. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliokoa watu 23, lakini wengine walikufa maji. Kwa hiyo watu wasafiri kwanza, mizigo baadaye, kila kimoja kwa safari yake. Mtoto asikalishwe juu ya masanduku kwa kuwa "nafasi ni kidogo." Kama nafasi ni kidogo, sanduku libaki. Mkiwa na jaketi za kuokolea maisha zivaliwe. Zikiwa chini ya mzigo si jaketi tena.

Mzigo wa mtumbwi uwe chini na katikati, usielemee upande mmoja, na ukingo wa mtumbwi ubaki juu ya maji kwa shibiri nzima hata baada ya mpiga kafi kuingia. Tandika vijiti au vipande vya mwanzi sakafuni, kwa sababu hakuna mtumbwi usio na maji ya ngama. Masanduku yabanwe baina ya magunia ya nguo na godoro, ili mtumbwi ukigusa kisiki vyombo viguse pamba kwanza. Usifunge sanduku kwa kamba kwenye mtumbwi wala kwenye mkono wako. Ukitaka lisipotee, lifungie jerikeni tupu iliyozibwa vema, kwa kamba ya pima moja au mbili. Likizama, jerikeni itaelea na kuonyesha mahali lilipo.

Safiri mchana. Usiku hakuna aonaye kisiki, na mamba na viboko hawapumziki kwa sababu sisi tunahama. Maji ya mafuriko huwapeleka hata mashambani, mahali ambapo siku zote hawaonekani.

Wanaofuata njia ya Tarasaa kwa trekta au bodaboda wana shida yao nyingine, nayo ni mitikisiko. Kwenye trela, mbele karibu na trekta hutikisika kidogo kuliko nyuma kabisa. Vyombo vivunjikavyo vikae mbele, juu ya godoro, navyo vipakiwe mwisho na kushushwa kwanza. Kwenye bodaboda usifunge chungu nyuma ya kiti kwa mpira. Mtu akishike mapajani, na dereva aambiwe alichobeba. Kwa miguu, kichwani na juu ya kata, ndiyo njia iliyo salama kupita zote kwa mtungi, kama mwendo si mrefu.

Uwe na orodha ya vitu utakavyoviacha, na uiandike mapema wakati moyo umetulia. Vyungu vyenye ufa, chupa tupu, kinu kizito, kabati la vioo. Kabati hilo litolewe vioo vyake, vifungwe kama tulivyosema, na mbao zake zifungwe kamba darini au kwenye nguzo. Vyombo vya chuma na plastiki vitakavyobaki vitiwe ndani ya wavu wa samaki na kufungwa kwenye shina la mwembe. Vitalowa na kuchafuka, lakini havitakwenda Kipini.

MAYAI NA KUKU ALALIAYE

Kwa kuwa hili ni gazeti la wakulima, hatuwezi kusahau chombo kivunjikacho kupita vyote. Mayai ya kula yaweza kupakiwa ndani ya makapi ya mpunga katika ndoo, safu kwa safu, yasigusane. Mayai ya kuatamiwa yataka uangalifu zaidi. Yawekwe ncha kali chini na upande mnene juu, yasioshwe, yasiachwe juani wala karibu na moto.

Kuku aliyekwisha kulalia asihamishwe mchana. Ngoja giza liingie, umfunike kwa kikapu chenye matundu, umchukue pamoja na kiota chake chote, na ukifika umweke mahali pa giza na kimya. Wengine hukataa hata hivyo. Wengi hukubali, na kifaranga kimoja kilichotoka kambini ni mwanzo wa banda jipya.

UKIFIKA

Usifungue yote siku ya kwanza. Fungua kile kikapu cha mlangoni, kupika na kuwasha taa, basi. Mengine yafunguliwe mchana, juu ya mkeka au turubai, na makapi yapekuliwe kwa mkono wenye kitambaa, maana mara nyingi kijiko cha chai au kifuniko cha birika hutupwa pamoja nayo.

Kilichovunjika kisitupwe hovyo. Vipande vya kioo na kaure vikusanywe katika mkebe, vifunikwe, vizikwe shimo refu mbali na shamba na njia ya maji. Sisi twapanda mpunga miguu mitupu. Kipande cha bilauri kilichotupwa pembeni mwa kambi chaweza kuchukuliwa na maji, kikazama katika tope, kikamngoja mtu msimu ujao. Mtu aliyekatwa na kioo katika tope aende zahanati au hospitali ya Ngao achomwe sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Chungu kilicholowa njiani kisipelekwe motoni siku hiyo. Maji yaliyonyonywa na udongo hugeuka mvuke kwa ghafula, na chungu kilichovuka mafuriko yote hupasuka juu ya mafiga. Kiachwe kikauke siku mbili tatu, kisha kianzwe kwa moto mdogo. Mtungi uoshwe kwa maji safi yaliyochemshwa kabla ya kutiwa maji ya kunywa, kwa sababu maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo na mizoga, na kipindupindu hufuata nyuma yake.

Na yale mayai ya kuatamiwa, yapumzishwe siku moja mahali pa baridi, ncha chini vilevile, kabla ya kumpa kuku.